Behewa la Ng'ombe Halikai Mezani

Machi 9, Jumatatu. Dongobesh

Mvua za masika zimeanza, na mimi nimeanza behewa. Naandika hapa ili nikishindwa nijue nilikosea wapi, na nikishinda niwasomee watu kwa sauti.

Nijitambulishe, maana daftari lisilo na mwenyewe huishia kufungia karanga. Mimi ni Genoveva, mama Jenifa, seremala wa milango, vitanda na majeneza. Mwaka jana nilijiunga kwa simu na chama cha watu wazima wanaotengeneza treni ndogo. Si za kuchezea watoto. Kila kitu kinafuata treni ya kweli, kasoro ukubwa tu: mita moja ya kweli kwetu ni sentimita tatu, hakuna mjadala. Wenzangu wengi wako Arusha na Dodoma, na wote ni wanaume. Mwezi wa sita wanakutana Katesh, katikati ya safari yao, na kila mmoja ataleta behewa moja la mizigo aliloliunda kwa mikono yake. Mabehewa yataungwa yawe treni moja, itazunguka ukumbi mzima wa parokia. Katesh haijaona treni tangu dunia iumbwe.

Wenzangu wamechagua matangi ya mafuta na makontena. Nikauliza, behewa la ng'ombe ni la nani? Hakuna mwenyewe. Nikasema ni langu. Mtu wa Manyara amwachie nani ng'ombe?

Sharti ni hili. Kabla ya kuunga treni, kila behewa litavutwa peke yake kuzunguka ukumbi. Likiacha njia mara mbili, linatolewa na kuwekwa mezani, litazamwe kama keki ya harusi. Mimi meza siitaki. Nataka langu liende.

Machi 12

Mvua. Nimechana mbao za ubavuni, saipresi, unene wa njiti ya kiberiti. Tatu zimevunjika, nikazitukana.

Machi 15, Jumapili

Baada ya misa mama mkwe wangu, Mama Philomena, alipita karakana na wageni wake. Akanikuta nimeinama nakwangua kijiti kwa kiwembe. Wageni wakachungulia kwa adabu. Yeye akasema, "Mwanangu, watu wanakufa, na wewe mwenye kutengeneza majeneza unachonga vijiti vya meno."

Nikamwambia ni nguzo za behewa. Akaniuliza behewa la kwenda wapi. Nikamwamkia mgeni mmoja shikamoo mara mbili.

Machi 21

Mvua na ukungu, hata kanisa halionekani. Komeo la mlango wa behewa limekula siku nzima. Ni dogo kama punje ya mpunga na linafunga kweli. Nimelifungua na kulifunga mpaka baba Jenifa akahamia jikoni.

Machi 28, Jumamosi

Magurudumu yamefika kwa basi kutoka Arusha, pamoja na kipande cha reli chenye kona, cha kujaribia. Behewa hukaa juu ya vigari viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, kila kimoja na magurudumu manne. Nimevifunga, nikaweka behewa kwenye reli, nikaita watu wa nyumbani waje waone. Nikavuta kwa uzi.

Likaanguka kwenye kona.

Machi 30

Limeanguka.

Machi 31

Mvua. Limeanguka.

Aprili 2

Nimempigia mwenyekiti wetu, Vicent wa Arusha. Sijawahi kumwona uso kwa uso, ila picha yake ya simu ina tai, na sauti yake nayo ina tai. Akasema tatizo ni wepesi. Behewa jepesi likivutwa kwenye kona linapanda reli na kuacha njia. Wenzetu wote wamebandika risasi chini ya sakafu, ile metali nzito inayotolewa kwenye betri mbovu.

Lakini sakafu ya behewa la ng'ombe ina mapengo, mkojo upite. Ukichungulia unaona mpaka reli. Na sheria ya chama inasema kisichokuwepo kwenye behewa la kweli kisionekane kwenye dogo. Nitaficha wapi risasi?

Akasema kwa upole, "Dada Genoveva, kazi yako ni nzuri mno, picha tumeziona. Kwa nini tusikuwekee mezani tangu mwanzo? Watu watalitazama kwa karibu. Njiani linaweza kuangusha na wenzake."

Nikamjibu, asante, nitafikiri. Nilikata simu nikapiga randa ubao usiokuwa na kosa lolote mpaka ukaisha. Upole wa namna hiyo unauma kuliko matusi.

Aprili 5, Pasaka

Tumekula, tumeshiba, mvua imetufungia ndani. Nimevuta behewa mbele ya familia nzima, limeanguka mbele ya familia nzima. Baba Jenifa, ambaye anajua vitunguu saumu na pikipiki tu, akasema huku anachokoa meno, "Sasa mama Jenifa, unavuta gari tupu. Hata pikipiki yangu bila abiria inarukaruka. Pakia mzigo."

Nikamtazama. Nikamtazama tena. Mume huyu nimekaa naye miaka yote hii nikidhani amewekwa duniani kunichosha.

Ng'ombe! Risasi ya nini? Uzito wangu ni ng'ombe wenyewe. Wawe wa chuma, wa shaba, wa chochote kizito, wasimame ndani mchana kweupe kila mtu awaone, na sheria haina la kusema. Baba Jenifa nimemwongezea nyama.

Aprili 11, Jumamosi

Nimechonga ng'ombe wa mti wa kumpelekea mhunzi awe mfano. Nilikwenda zizini na kigoda nikakaa mbele ya Maua, ng'ombe wa mama mkwe, nikampima kila kona. Ametoka sawasawa, hadi kiwele. Mama Philomena alipomwona akacheka kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze. "Ni Maua huyu!" akasema. Nimelala vizuri.

Aprili 18, Jumamosi. Katesh

Nimeshuka mnadani kumtafuta mhunzi. Nikaonyeshwa kijana wa Kimang'ati, watu wa mifugo, kutoka Gehandu, anaitwa Gidamis, ametandaza bangili na vichwa vya mikuki kwenye turubai. Anayeyusha bomba mbovu na kufuli zilizokufa, anamimina shaba kwenye kalibu ya mchanga. Umri wake miaka thelathini hivi, na maneno yake ya watu watatu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nataka ng'ombe kumi na wawili wa shaba, kama huyu." Nikamtoa Maua kwenye kitambaa.

Akampokea kwa mikono miwili. Akamgeuza. Akaita wenzake wawili, wakamgeuza nao. Kisha wakaanza kucheka, cheko la kushika mbavu.

"Dada, huyu anakwenda wapi na treni?"

"Anakwenda kuuzwa. Machinjioni."

"Huyu? Hana nundu. Hana pembe, mmemkata. Ana kiwele kama mtungi. Huyu wa maziwa nani anampeleka machinjioni? Ninyi Wambulu mnalala na ng'ombe nyumba moja na bado hamjui ng'ombe wa safari!"

Nilisikia uso wangu unapata moto. Kwa sababu ni kweli. Kwetu milimani ng'ombe ni huyo wa zizini, analetewa majani kama mgonjwa. Mimi seremala wa kipimo nilikuwa nimepakia ndani ya behewa la wachungaji kundi zima la Maua. Watu wa Hanang wangeliona pale ukumbini wangecheka mpaka paa liinuke.

"Basi tengeneza wewe wa safari," nikamwambia kwa hasira. "Urefu huu huu, mabega yaishie hapa."

"Nitatengeneza. Lakini mimi sitengenezi ng'ombe tu. Natengeneza ng'ombe fulani."

Sikuelewa, nikadhani ni maringo. Nimeacha shaba ya kuanzia: bomba mbili na kitasa kikubwa cha mlango wa mteja aliyehama.

Aprili 24

Mvua. Gidamis hapokei simu.

Aprili 27

Mvua. Hapokei.

Mei 1

Barabara imekatika korongoni. Vicent ameandika, anauliza kama ninaafiki meza ili wapange nafasi. Sijamjibu. Gidamis hapokei. Mwanamume anayecheka sana usimpe shaba yako.

Mei 9, Jumamosi. Gehandu

Njia imepitika, nikaenda mwenyewe. Nilipanga maneno makali njia nzima, nikayapanga kwa mpangilio, ya mwisho yakiwa ya kumliza.

Nilimkuta chini ya kibanda cha karakana yake, mkewe anavukuta mivukuto. Mbele yake ng'ombe wanne wa shaba, na pembeni lundo la vipande.

"Simu?" nikauliza.

"Ilianguka kwenye maji, dada. Pole. Kaa."

"Na hivi vipande?"

"Hao niliwavunja. Walitoka kama mbuzi."

Nikainua mmoja wa wale wanne. Wadogo hivi, mabega hayafiki upana wa vidole vyangu vitatu. Maneno makali niliyoyapanga yote nikayasahau. Nundu imelala kidogo upande mmoja. Pembe moja imepanda, nyingine imeinama mbele. Ngozi ya shingo inaning'inia. Mzito, mkononi unamsikia.

"Huyo ni wa baba yangu," akasema Gidamis. "Mkaidi. Jioni wenzake wanaingia, yeye anabaki mlangoni mpaka umsukume. Huyu mwingine alivunjika mguu, akapona, ona anavyoukanyaga. Huyu jike mzee, anaongoza kundi. Huyu wa mke wangu, mwizi wa mahindi."

Mkewe akasema bila kuacha mivukuto, "Si mwizi. Ana njaa."

Basi ndiyo maana ya ng'ombe fulani. Na mimi nilikuwa nataka kumimina Maua mara kumi na mbili kama matofali. Niliona aibu, nikamwambia hivyo hivyo: naona aibu. Akacheka tena, lakini safari hii sikukasirika. Nikanywa chai yao, nikavukuta mivukuto mpaka mabega yakawaka.

Mei 23, Jumamosi

Gidamis amekuja Dongobesh mwenyewe na wote kumi na wawili ndani ya kibuyu, wamefungiwa sufi wasikwaruzane. Akamwamkia Mama Philomena, "Shikamoo mama," akaitikiwa marahaba na kupewa maziwa ya Maua. Akayanywa, akasema kweli ni ng'ombe, ila asafiri na watu, si na treni. Mama mkwe akampenda papo hapo.

Niliwapanga ng'ombe wote wanatazama mbele. Akawatoa. "Hivi watakanyagana." Akawarudisha mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, mkaidi karibu na mlango. Nikafunga komeo.

Nikavuta uzi. Behewa likaingia kwenye kona, likatulia, likatoka upande wa pili.

Limepita. LIMEPITA. Nilivuta mpaka uzi ukakatika. Baba Jenifa amemwambia kila mtu Dongobesh kwamba wazo ni lake, na namwachia, maana ni lake.

Nimemwandikia Vicent: *Meza sihitaji. Nakuja na ng'ombe.*

Mei 30

Mvua zimekatika. Nimepaka rangi: kijivu, kutu kidogo kwenye bawaba, tope kwenye sakafu. Samadi nimeweka ya kweli, iliyosagwa.

Juni 12, Ijumaa. Katesh

Naandika nikiwa nimetulia. Asubuhi nisingeweza.

Tulifika jana, mimi, baba Jenifa na Mama Philomena, aliyesema anakuja kusalimia ndugu lakini amevaa kitenge cha harusi. Huku upepo unashuka mlima Hanang siku nzima, mkavu, midomo inapasuka. Ukumbi umejaa reli juu ya meza ndefu, madaraja, stesheni, hata mnara wa maji. Nilisimama mlangoni nikasahau kusalimia. Vicent akaja. Ni mfupi, mwembamba, na tai anayo kweli. Alilichungulia behewa langu muda mrefu, akauliza kwa sauti ndogo, "Nani amefanya hawa ng'ombe?" Nikamtajia jina, na anakotoka.

Saa nne wakaanza majaribio. Matangi yakapita. Makontena yakapita. Likaja langu. Likaenda vizuri upande mrefu wote, nikawa nimeanza kutabasamu. Kona ya karibu na mlango likainuka mguu mmoja, likaacha njia, likalala ubavu. Ng'ombe wangu wakamwagika juu ya meza.

Ukumbi mzima uliguna. Mara moja. Imebaki moja.

Nikaliweka juu ya kipande cha kioo cha dirisha, maana kioo hakina bonde, kulipima. Gurudumu moja la mbele lilikuwa linaning'inia, unapitisha karatasi chini yake. Fremu imejikunja. Hapo nikajua kosa langu, na ni kosa la mtu wa mlimani: nililijenga ndani ya ukungu wa masika, kwa mbao ambazo kwetu tunaziita kavu. Kavu ya Dongobesh ni mbichi ya Katesh. Siku moja ya upepo huu imezinyonya maji, zikajivuta. Seremala mzima! Milango mingapi nimewauzia watu wa Katesh, halafu nikawacheka waliposema imepinda?

Nikatoka nje na behewa mkononi. Nililia, niandike tu, nililia nyuma ya ukumbi kwenye kibanda cha mama wa chai, anaitwa Kornelia. Akanisukumia kigoda na kikombe.

Vicent akanifuata na kiti chake cha plastiki. Akakiweka kwenye mawe yale, akakaa, kikamwinamisha mbele. Akakisogeza, kikamwinamisha nyuma.

"Dada Genoveva," akasema, na kiti ka, ka, "mezani si aibu." Ka. "Mimi mwaka wa kwanza nilikaa mezani." Ka. "Nililia bafuni, mke wangu hajui mpaka leo."

Sikujua kwamba na yeye aliwahi kulia. Nilikuwa nimemchukia zaidi ya miezi miwili kwa kosa la kunionea huruma. Nilitaka kumwambia neno jema, lakini kile kiti kilikuwa kinanichanganya.

"Kaka Vicent, kiti chako mbona hakitulii?"

"Mawe. Miguu minne, mmoja unakosa pa kukanyaga."

Nikajitazama. Nilikuwa nimekaa kwenye mawe yale yale, na kigoda cha Kornelia kimetulia tuli. Nikainama. Miguu mitatu. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata ukikiweka juu ya lundo la mahindi. Kila mtu aliyekulia kwetu amekikalia, na mimi nimeshavichonga visivyohesabika.

Nikainuka na chai ikamwagika. "Bisibisi! Nani ana bisibisi ndogo?"

Alikuwa nayo mfukoni. Niliishika fremu akaishika na yeye, mwenyekiti mzima amepiga magoti vumbini na tai yake. Kigari cha nyuma nikakikaza kisiiname kando, kigeuke tu kwenye kona. Cha mbele nikakilegeza kiiname kitakavyo, kushoto na kulia. Sasa behewa linakaa juu ya sehemu mbili za nyuma na moja katikati mbele: kigoda. Fremu ipinde itakavyo, magurudumu yote yanafuata reli.

Nililirudisha juu ya kioo. Nikajaribu kupitisha karatasi chini ya kila gurudumu. Haikupita.

Jaribio la pili ni kesho asubuhi, mbele ya watu.

Juni 13, Jumamosi. Katesh

Watu! Walikuja kwa sababu ya mnada, wakasikia treni imefika Katesh, wakaacha mnada. Gidamis alikuja na mkewe, baba yake na nusu ya Gehandu, fimbo mkononi, shuka begani.

Waliniita. Nilisahau komeo, Gidamis akalifunga. Kichwa cha treni kikavuta. Upande mrefu, sawa. Daraja, sawa. Ikaja ile kona ya mlangoni. Nikaona kigari cha mbele kinainama kidogo, kama mtu anayepita mlango mfupi, kisha kinanyooka. Nyuma kikafuata. Ng'ombe hawakutikisika. Behewa likapita mbele ya stesheni, likamaliza mzunguko, likasimama pale pale lilipoanzia.

Mama Philomena ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Kikadakwa na wa pili, na wa tatu, ukumbi wote. Baba Jenifa alininyanyua juu mbele ya padri. Baba yake Gidamis alikuwa amepiga magoti mezani, jicho kwenye mapengo ya mbao, na akasema kwa sauti kubwa, "Yule mkaidi wangu! Amesimama mlangoni!" Wakasukumana wote kumwona. Kila mmoja akawa anamtafuta ng'ombe wake, na wengine walimpata hata kama Gidamis hakumfanya.

Kisha Vicent akaanza kupanga treni. Nikadhani langu litafungwa mwisho, la mgeni, na lingenitosha kabisa. Akalibeba kwa mikono miwili, akapita matangi, akapita makontena, akaliweka mbele, nyuma tu ya kichwa.

"Zito linatangulia," akasema. "Sheria ya reli, dada. Ukilifunga nyuma litawavuta hawa wepesi kwenye kona."

Miezi yote hii waliogopa langu litaangusha wenzake, na leo ndilo linalowashika wenzake wasianguke. Nikasema tu, "Haya, twende."

Treni ikaondoka, mabehewa yote. Ilizunguka mpaka kichwa kikapata moto, wakakipumzisha, watu wakakataa kutoka, ikazunguka tena. Mwanamke mmoja wa mjini alichelewa, akajipenyeza kando ya Mama Philomena na kuuliza ni treni ya nani hii, na behewa zuri ni lipi.

"La mbele pale, lenye ng'ombe," akasema mama mkwe wangu bila kugeuza shingo. "Hilo ni letu. Hayo mengine yanafuata."